Mwaka ulitosha, miezi ndiyo haikutosha: kisa cha Bi. Z na mikopo ya simu

Kabla sijaanza

Wenyewe wameniruhusu nikiandike hiki kisa kwa masharti mawili, nisitaje majina wala kazi zao, na nisitaje kiasi halisi cha hela. Hilo la pili lilinisumbua kidogo maana kisa cha hela bila hela unakielezaje, lakini tukapata njia. Mshahara wa Bi. Z wa mwezi, ukishakatwa kodi na makato yote ya kisheria, tumeuita 100, na kila namba utakayoiona humu ni sehemu ya hiyo 100. Nikisema deni la 40 maana yake asilimia 40 ya mshahara wa mwezi mmoja. Na wewe ukitaka kujipima chukua mshahara wako ufanye hivyo hivyo, ni bora kuliko kujilinganisha na mtu ambaye kipato chake hukijui.

Mi si mshauri wa fedha. Ni mtu wa mahesabu tu, tulikuwa jengo moja la kazi, na kama utakavyoona huko mbele baadhi ya ushauri wangu ulimgharimu.

Hali ilivyokuwa

Bi. Z ana miaka thelathini na kitu, kaajiriwa, ana watoto wawili wanasoma. Mume wake amejiajiri, kazi zake za msimu msimu, mwezi mmoja anaingiza 90 mwingine 30, ukipiga wastani ni kama 55 hivi. Mgawanyo wa majukumu ulijipanga wenyewe tangu wameoana na hakuna aliyewahi kuukalia kikao: baba analipa pango na mambo makubwa makubwa, mama anabeba yaliyobaki. Na yaliyobaki kama unavyojua hayaishi.

Mwezi wake wa kawaida ulikuwa hivi. Chakula na vitu vya nyumbani 38, usafiri 9, umeme maji na bando 8, mama yake mzazi anamtumia 7, matumizi yake binafsi 6. Hizo ni 68. Mkopo wa benki unakatwa kabla mshahara haujamfikia, 14, kwa hiyo mkononi zinaingia 86. Afu kuna ada ya shule, 36 kila muhula, mihula mitatu, yaani 108 kwa mwaka, ambayo ukiigawa kwa miezi 12 ni 9. Jumlisha sasa, 68 na 14 na 9, unapata 91.

Zinabaki 9. Huyu ni mtu ambaye alikuwa anaenda kupokea simu za wadai chooni ili wenzake wasisikie, mtu aliyekuwa anaamka saa 9 usiku anapiga hesabu kichwani mpaka alfajiri, na kwenye karatasi zinabaki 9! Nilipomwonyesha alikasirika kabisa, akaniambia kaka hiyo karatasi yako inadanganya.

Haikuwa inadanganya ila ilikuwa haijasema yote.

Ilivyoanza

Mkopo wa kwanza wa simu aliuchukua miaka kama miwili kabla hatujakaa pamoja. Ada ya shule ilifika, 36 zinatakiwa, hana kitu pembeni maana miezi iliyotangulia hela ilikuwepo lakini ikatumika tu kwa sababu ilikuwepo. Akakopa 30 kwa siku 30, anarudisha 33. Wenyewe wanaiita ada ya huduma. Mi naiita riba, maana hela uliyopewa na hela unayorudisha zikitofautiana hiyo tofauti ni riba hata uipambe kwa jina gani.

Mshahara ukaja. Akatoa 33, na zilizobaki hazikufika 68 za matumizi. Akakopa za kuziba pengo. Mwezi uliofuata karudisha, zilizobaki zikatosha matumizi, imekwisha. Yaani kama mambo yangetulia, mwezi ule ule angekuwa ametoka kabisa. Nimeipiga hii hesabu mara mbili mbele yake kwa sababu alikuwa ameshajiaminisha kwamba yeye ni mtu asiyejua hela, kumbe mkopo wa kwanza alikuwa ameshaumaliza kwa miezi miwili tu.

Lakini wiki ile ile ndugu yake akalazwa na ikabidi atoe 20. Baadaye simu ikaharibika, ukaja muhula mwingine, mtoto akavunja miwani. Kila moja peke yake ni dharura, ila tulipokaa na taarifa za akaunti yake za miezi 12 tukaziorodhesha hizo dharura zote (ukiacha ada ya shule) zilikuwa kama 70 kwa mwaka mzima. Kitu kinachokujia kila mwaka kwa kiasi kile kile hicho kimekosa tarehe tu.

Baada ya karibu mwaka mikopo ya simu ikafika 90. Akaenda benki, akachukua mkopo wa 270 wa miezi 24. 180 ikawa ya vifaa vya kazi vya mume, na hiyo mume alijua. 90 ikaenda kuua mikopo ya simu, na hiyo mume hakujua. Alisema siku ile alilala usingizi ambao hakuwa ameulala muda mrefu. Miezi 4 baadaye mikopo ya simu ilikuwa imerudi, na safari hii juu yake kuna makato ya 14 ya benki.

Kidogo kuhusu huo mkopo wa benki, maana watu wengi wanapigwa hapa. Alisaini akijua ni asilimia 12 kwa mwaka. Ni kweli, lakini ilikuwa riba inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kwa muda wote, haipungui hata ukishalipa nusu. 270 mara asilimia 12 mara miaka 2 ni 64.8, unajumlisha na 270 unagawa kwa 24, unapata karibu 14. Ukiubadilisha huo mkopo kuwa wa riba inayopigwa kwenye deni lililobaki tu, ni kama asilimia 21 na nusu kwa mwaka. Kwa hiyo ukiambiwa asilimia fulani swali la kwanza uliza inapigwa kwenye nini, deni la mwanzo au lililobaki. Usipouliza hawatakwambia.

Usiku wa skrinshoti

Alinitumia skrinshoti ya meseji ya mdai saa 5 usiku na maneno mawili matatu: "kaka hapa naanzia wapi." Kesho yake tukakaa. Nikamwomba aandike madeni yote kwenye karatasi moja, akaandika manne. Nikamuuliza hakuna jingine, akasema hakuna. Tukaongea mengine kama dakika 20 hivi afu akachukua kalamu akaongeza mawili. Nimeona hii kwa watu wengi, deni linaloogopwa zaidi linaandikwa la mwisho na mara nyingi si kubwa, ni la mtu anayeheshimika.

Orodha ikawa hivi. Benki, 14 kwa mwezi, imebaki miezi 10. Mkopo wa simu wa kwanza 40, siku 30, riba asilimia 10. Wa pili 25, siku 30, asilimia 12. Wa tatu 12, siku 14 tu, asilimia 8. Shule ilikuwa inamdai 18 za muhula uliopita. Na rafiki yake wa karibu 15, hana riba, amechelewa miezi 7 na hawaongei tena kama zamani.

Yeye aliyeuona mbaya ni ule wa 40 kwa sababu ndio mkubwa. Mi niliuangalia ule wa 12. Asilimia 8 inaonekana ndogo lakini ni ya siku 14, mwaka una vipindi 26 vya siku 14, hiyo ni asilimia 208 kwa mwaka hata kabla hujaanza kuhesabu riba juu ya riba. Ule wa pili ni 144 na wa kwanza 120. Huo wa 120 wenyewe ukiuzungusha mwezi kwa mwezi bila kulipa kitu, 100 inakuwa karibu 314 mwisho wa mwaka.

Afu tukajumlisha riba anazolipa kwa mwezi kwa hiyo mitatu. 4, na 3, na karibu 2. Jumla karibu 9.

Ndio zile 9 za kwenye karatasi. Alikaa kimya muda mrefu. Ukizidisha kwa miezi 12 inapita mshahara mmoja mzima, yaani kila mwaka huyu dada anafanya kazi mwezi mmoja na kitu kwa ajili ya kulipia nafasi ya kuhamisha hela yake mwenyewe kutoka mwisho wa mwezi kuileta katikati ya mwezi. Kipato chake kwa mwaka kilitosha, ada na dharura ndani. Kilichokuwa hakitoshi ni mwezi mmoja mmoja, na alikuwa anauziwa daraja kati ya tarehe na tarehe kwa bei ya kutisha.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa langu na lilikuwa bovu. Nikamtengenezea jedwali la bajeti lenye mistari kama 40, kila senti iandikwe. Aliliacha siku ya 9. Mtu ambaye kichwa kimejaa unampa kazi nyingine ya kukijaza, mwenyewe sasa nashangaa nilifikiria nini.

La pili, yeye alitaka arudi benki aongezewe mkopo juu ya ule uliopo afute kila kitu. Nikakataa, yaani nikamshawishi asifanye. Sababu yangu ilikuwa kwamba alishafanya hivyo miezi 14 nyuma na mikopo ya simu ikarudi ndani ya miezi 4, maana kilichokuwa kinaizalisha hakikuguswa. Nitarudi kwenye hili.

La tatu, mume. Hakutaka kabisa. Alisema shemeji yako akijua nyumba inaungua. Akaniomba basi niwepo, nikakataa pia, hayo ni ya chumbani kwao. Ilimchukua wiki mbili. Siku aliyomwambia, mume hakusema neno, akatoka nje, akakaa kama saa nzima, akarudi akamwambia mama watoto kaa chini na mimi nina la kwangu. Kumbe aliweka sahihi ya udhamini kwenye mkopo wa mdogo wake, mdogo akaacha kulipa, na yeye ndiye amekuwa akilipa 8 kila mwezi kimya kimya zaidi ya mwaka. Baadhi ya ile miezi yake "mibaya" haikuwa mibaya kiasi hicho.

Kwa hiyo watu wawili ndani ya nyumba moja walikuwa wanafichana mashimo, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye anayejitahidi. Sijui kama ni kitu cha kuchekesha au kulia.

La nne, cherehani. Aliinunua kwa ajili ya biashara ambayo haikuanza, imekaa chini ya kitanda. Iliuzwa kwa 20, chini ya nusu ya alivyoinunua na iliuma, lakini 13 ikafunga ule mkopo wa siku 14 siku hiyo hiyo. 7 zilizobaki ndio tulibishana. Hesabu inasema zipeleke kwenye deni la asilimia 144, hakuna akiba duniani inayolipa hivyo. Mi nikasema ziwekwe pembeni, kwenye akaunti ambayo haina kadi, kwa sababu anayelipa deni bila kuwa na kitu chochote pembeni akipata homa tu anakopa tena. Tukaziweka.

La tano ni shule na rafiki. Shule walikubali 18 ilipwe 6 6 kwa miezi mitatu, na wakamwambia muhula ukiisha anaweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi akitaka, ila hakuwahi kuuliza. Rafiki ilikuwa ngumu zaidi ingawa hana riba. Alimpigia akamwambia mwezi huu sina, mwezi ujao sina, nitaanza kukulipa mwezi wa 4 kuanzia leo, 5 5 mara tatu. Yule rafiki akamjibu kwamba kilichomuudhi ni kukwepwa kwenye ngazi, na kwamba hela yenyewe hata hakuwa anaihitaji sana. Wakaanza kuongea siku ile.

La sita, mama yake. Nikapendekeza zile 7 zishuke ziwe 4 kwa miezi sita. Alinitazama tu. Nikaacha.

Na la mwisho, ambalo mi naona ndilo lililobeba mengine, tarehe. Hela ya chakula, 38, ilikuwa inaingia yote siku ya mshahara na inaisha kama siku ya 18, ndipo simu inafunguliwa. Tukaikata iwe inatoka kila Jumamosi, 9.5 mara nne. Ikaenda vizuri mpaka ukafika mwezi wenye Jumamosi 5 ikatuumbua, wiki nzima haina hela. Tukapiga upya kwa mwaka badala ya mwezi: 38 mara 12 gawa kwa wiki 52, ni kama 8.75 kwa wiki. Mwezi wa Jumamosi 4 unabakisha 3 unaziacha pale pale, mwezi wa Jumamosi 5 unazila. Kitu kidogo kama hicho, na ndio kisa chote hiki kwa ufupi wake.

Miezi nane

Matumizi yalishushwa kidogo, bando na vitu vyake binafsi, kutoka 68 mpaka 64. Hapo 86 toa 64 toa 6 za shule zikawa zinabaki 16 za kupigania madeni. Mwezi wa kwanza 7 zilienda kwenye riba, 9 zikapunguza ule wa 25. Alikuwa analipa wote afu anakopa tena pungufu, kwa sababu mikopo hii mingi hairuhusu kulipa nusu nusu kwa mpango unaoeleweka. Mwezi wa tatu ule wa 25 ulikufa. Akanitumia skrinshoti ya "umemaliza mkopo wako" na wakati huo huo meseji nyingine imeingia inamwambia kiwango chake cha kukopa kimeongezwa. Wanajua wanachofanya hawa.

Mwezi wa 4 muhula ulifungua na 36 zikatakiwa, na hapa niseme ukweli kulikuwa na bahati. Mume alipata kazi kubwa mwezi ule akalipa yote. Asingelipata, hadithi ingepinda hapa.

Mwezi wa 5 ikapinda kweli. Mtoto mdogo aliumwa, 20 zikahitajika, zile 7 za pembeni zikaisha, za mwezi ule zikachangia 5, na 8 akakopa tena kwenye ile apu ya siku 14 aliyokuwa ameifuta. Kuifuta apu hakumzuii mtu kuipakua tena, inachukua dakika 3. Alinificha, na mumewe alimficha, wiki mbili nzima. Deni lenyewe dogo, karudisha 8.64 kwa wakati. Lakini kule kuficha kulimrudishia kila kitu, usingizi ulipotea tena, na aliniambia baadaye kwamba zile wiki mbili alikuwa na hofu ile ile ya wakati madeni ni 110 ukiacha benki. Baada ya hapo wakaandika kwa yule mkopeshaji kuomba akaunti ifungwe kabisa.

Mwezi wa 6 udhamini wa mume uliisha na zile 8 zikaingia mezani. Rafiki akamalizwa mwezi huo huo. Kuanzia hapo ilikuwa kama kushuka mlima, mwezi wa 7 zikaenda 18 kwa mkupuo kwenye ule mkopo wa 40, mwezi wa 8 ukafungwa.

Walipofika mwezi wa 12

Benki iliisha mwezi wa 10. Mfuko wa shule unaingia 9 kila mwezi na muhula uliofuata ulilipwa kutoka humo bila mtu kupiga simu kwa mtu. Akiba ya dharura ni 47, chini ya nusu ya mshahara. Ingekuwa zaidi ila vifaa vya mume viliharibika vikala 40, na dharura nyingine ndogo ndogo zikala kama 29. Hakuna aliyekopa.

Analala. Hilo ndilo alilolitaja kwanza nilipomuuliza, kabla ya hela.

Nilivyokiona baada ya kukaa nacho

Kwanza nianze na langu. Nilimkataza kuongeza mkopo benki. Nimepiga hesabu baadaye: riba alizolipa kwenye mikopo ya simu kwa miezi ile 8 ni kama 31. Kama angechukua 65 benki kwa masharti yale yale kwa miezi 12, riba ingekuwa 7.8. Kwa hiyo tahadhari yangu ilimgharimu kama 23, karibu robo ya mshahara. Je nilikosea? Kwa hesabu tupu ndiyo. Lakini mkopo wa kwanza wa kuokoa ulishindwa kwa sababu uliingia kwenye nyumba ambayo bado ina siri na bado chakula kinaisha siku ya 18. Leo ningemwambia arekebishe tarehe na aongee na mumewe kwanza, mwezi mmoja, miwili, afu ndio aende benki. Mi nilikataa moja kwa moja na sikulirudia tena hilo suala, hapo ndipo kosa lilipo.

Pili, watu wanabishana sana uanze na deni dogo au lenye riba kubwa. Hapa dogo ndilo lilikuwa na riba kubwa kwa hiyo hatukulazimika kuchagua, ila nitasema kitu. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, David Gal na Blakeley McShane, waliangalia watu waliokuwa kwenye mpango wa kulipa madeni wakakuta kwamba idadi ya madeni mtu aliyoyafunga ilitabiri kama atafika mwisho, bila kujali ukubwa wa hayo madeni. Nilimwona Bi. Z siku ile 13 zimefunga deni moja. Hela ndogo sana kati ya madeni ya 110, lakini wadai wamepungua mmoja na simu za mchana zimepungua kwa theluthi.

Tatu, hili la kichwa kujaa. Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Science mwaka 2013, walipima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa hawana kitu na baada ya mavuno wakiwa na hela. Ni watu wale wale, na kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya kufikiri. Nilivyosoma nikamkumbuka Bi. Z wa siku ya 18 na Bi. Z wa siku ya 2 baada ya mshahara. Maamuzi yake yote mabaya, na nimeyapanga kwa tarehe, yalifanyika kati ya siku ya 18 na ya 27. Siku ya 2 alikuwa mtu makini kabisa. Ndio maana jedwali la mistari 40 halikusaidia na Jumamosi zilisaidia, moja lilimtaka afikirie kila siku, jingine lilifikiria mara moja kwa niaba yake.

Kilichofeli kingine ni ukubwa wa akiba ya kwanza. 7 ilikuwa kidogo mno kwa nyumba yenye watoto. Dharura yao ya kawaida, tukiangalia zile 70 za mwaka, ilikuwa kati ya 10 na 20 kwa mara moja. Tungeweka angalau 15 hata kama deni lingechelewa mwezi mmoja, ile apu isingerudi na zile wiki mbili za kujificha zisingekuwepo.

Na kuhusu mama yake, alikuwa sahihi na mi nilikosea kupendekeza. Ile 3 kwa mwezi ingeharakisha mambo kwa wiki chache, lakini angeibeba moyoni kila siku, na mtu aliyebeba hivyo hafiki mwezi wa 8.

Kuna jambo moja halijaisha. Mwezi uliopita yule mdogo wa mume amekuja tena, anataka udhamini wa mkopo mwingine. Mume anasema ni damu yake. Bi. Z anasema tumpe 10 mkononi, iwe zawadi, tusidai, ila sahihi hapana, kwa sababu 10 tunaijua inaishia wapi na sahihi hatujui. Mpaka naandika hapa bado wanabishana, sebuleni, kwa sauti, watoto wakisikia.